Mashine ya Mzee Wekoye

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Nabwile amefika kutoka chuoni Bungoma bila kusema anakuja. Mahindi yako juu ya turubai, mawingu yanashuka kutoka upande wa mlima, na yeye amesimama hapo na begi mgongoni kama mgeni wa kanisa. Nikamwambia ashike reki kwanza, salamu baadaye. Akashika. Huyu mtoto nimemlea tangu mama yake, Jentrix wangu, alipokufa. Akinyamaza mimi nasikia.

Chakula hakula. Kunde nimepika na maziwa, zimekaa motoni tangu jana, na yeye anazigeuza tu na kidole. Nikamuuliza kama ni mimba. Akasema hapana, kukhu, kwetu ndiyo bibi. Nikamuuliza kama ni mwanaume. Akasema hapana. Nikamwambia basi aseme, bibi yake si mganga wa kupiga bao. Akasema amepata ziro.

Ziro. Mtoto wangu.

Ati ni somo la vifaa. Nikasema vifaa navijua. Jembe, panga, hiyo reki uliyoshika leo. Nani anapata ziro kwa reki? Akasema si hivyo. Ni vifaa vya watu wanaoandika programu za kompyuta. Mwalimu wao, Bwana Kimeli, amewapanga wanne wanne, kila kundi na kazi moja. Na kuna kifaa kinakaa ndani ya mashine kazi yake ni kuangalia tu: mstari huu umeandikwa na nani, siku gani. Hapo nikaelewa. Ni kama zamani tukipalilia kwa zamu, jioni mwenye shamba anapita anaona nani amelima na nani alikuwa anaegemea jembe. Kifaa kizuri. Ningekuwa nacho wakati ule, Wamalwa mwanangu hangekula ugali wangu bure miaka yote hiyo.

Basi Bwana Kimeli akapita, akakuta kundi la Nabwile lina watu watano. Nderitu, kiasi. Mary Ann, kidogo. Kijana mwingine, kidogo sana. Nabwile, hakuna kitu. Halafu kuna mtu anaitwa Wekoye, na kazi yote nzito ni yake. Akauliza mbele ya darasa Wekoye ni nani. Darasa likacheka.

Wekoye ni mume wangu. Amelala nyuma ya jikoni, karibu na ndizi, huu mwaka wa nne.

Jumapili, 9 Novemba

Nitaandika ilivyokuwa, watu wasije wakasema nilifanya ujinga.

Mashine ilitoka kwa Chairman, ng'ombe dume wa mzee wa kulimia. Chairman alipouzwa sokoni tukanunua kompyuta, nilimwambia Nabwile hii mashine ni ya babu yako. Itaitwa Wekoye. Kila mahali itakapouliza jina, andika Wekoye. Akaandika, ni mtoto mtiifu. Hata lile neno la siri la kufungulia ni Chairman. Ukiifungua inasema: Karibu, Wekoye. Mimi humwambia aifungue tu nione, halafu aifunge.

Kwa sababu hakuna aliyelichukua hilo jina. Kwetu mtu akifa jina linapewa mtoto, ndiyo asipotee. Wamalwa ana wavulana wawili huko Kanduyi. Mmoja ni Jayden. Mwingine ni Ethan. Jayden ni nani? Alikufa lini? Alizikwa wapi? Majina hayana hata maiti. Ati mchungaji wao alisema majina ya wafu yanaleta mapepo. Mzee wangu, pepo. Mtu aliyekuwa akimkanyaga kuku anamwambia pole.

Leo baada ya kanisa Kabura amekuja kwa ua. Ni jirani. Watu wake walitoka Nyeri kuja hapa Kitale, tumepakana tangu mimi na yeye tukiwa wanawake wapya. Mume wake, Nderitu, alikufa kabla ya wangu. Lakini kwao jina halitafutwi, linamea lenyewe kama magugu. Kila mwana akizaa kijana wa kwanza, anaitwa kama babu yake. Kabura ana Nderitu watatu. Mmoja ndiye huyu wa darasa la Nabwile. Kabura humwambia, wewe ni mume wangu. Jioni anasimama mlangoni: Nderitu, njoo ule. Na Nderitu anaitika.

Mimi nikiita Wekoye, hata mbwa hainui sikio.

Amekuja na viazi. Ati pole Mama Wamalwa, Nderitu amenieleza mambo ya mtoto. Nikamwambia mtoto wangu hana mambo. Akasema mwalimu si mbaya, amempa nafasi. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja kuna mtihani wa mwisho. Kila mtu na mashine yake, kila mtu na jina lake, na ni kile kifaa kinahesabu. Nabwile akifanya vizuri kwa jina lake mwenyewe, mwalimu ataamini kwamba kazi za Wekoye ni zake, amrudishie alama zote. Asipofanya, anarudia mwaka mzima.

Hili Nabwile hakuniambia. Nimelisikia kwa ua, kutoka kwa mtu aliyetoka kwa mazishi ya mume wangu kabla kaburi halijajaa.

Viazi nilichukua. Viazi havina makosa.

Jumanne, 11 Novemba. Bungoma

Nimekuja mwenyewe. Akili ilinijia nikikamua ng'ombe. Mwalimu anafikiri Wekoye ni kijana fulani anamfanyia Nabwile kazi. Basi si nimwonyeshe Wekoye amekufa? Maiti haiandiki. Kama maiti haiandiki, nani aliandika? Hata mtoto wa nasari anaona. Nikatoa cheti cha kifo chini ya godoro, na ile karatasi ya mazishi yenye picha ya mzee akiwa na koti. Nikavaa nguo ya kanisa.

Bwana Kimeli ni kijana, ndevu bado zinatafuta njia. Lakini ana adabu. Alisimama, akanipa kiti, akaniita kogo, kwao ndiyo bibi. Nabwile alikataa kuingia na mimi. Nikaweka cheti mezani nikasema, huyu ndiye Wekoye unayemuuliza.

Akasoma. Akarudia. Akavua miwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu mwingine hapa chuoni ameona hii karatasi. Nikasema bado, lakini miguu ninayo, naweza kuipeleka kwa mkubwa wake. Akasema hapana kogo, tafadhali. Ati sasa hivi ni kosa dogo, mtoto ameandika jina lisilo lake. Lakini ikiingia kwa faili kwamba mtu aliyekufa amefanya kazi ya chuo, hiyo ni kesi ya kamati, wanaweza kumfukuza kabisa. Akaikunja. Akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema yeye hajaona kitu.

Hajaona. Nimembeba mume wangu kutoka Kitale mpaka Bungoma na mtu anasema hajamwona.

Nikiwa mlangoni nikamuuliza, huyo Wekoye, kazi yake ilikuwaje? Akasema kusema ukweli ni safi, ndiyo bora katika darasa. Hapo nilinyoosha mgongo. Mzee aliacha shule darasa la pili.

Nabwile alikuwa nje, ameshika begi mbele ya uso. Vijana wawili wakapita, mmoja akasema, niaje Marehemu. Nikageuka kutafuta nani anasalimiwa hivyo. Ni Nabwile. Ndiyo jina wamempa. Nikawapa wale vijana maneno yao, na ya mama zao nikawapa wabebe nyumbani. Nabwile akanishika mkono. Kukhu, basi. Basi, twende.

Tukaenda.

Jumatano, 12 Novemba. Kanduyi

Nimelala kwa Wamalwa. Viti vyake ni laini mpaka unakaa unatafuta magoti yako. Emmy, mke wake, anapika chai kama anaogopa majani.

Nimeona nikate shida kwa mzizi. Jayden akichukua jina la babu yake, mashine haina haja ya kuitwa Wekoye tena. Kila mtu amepona. Nikaeleza hivyo, kwa upole, Mungu anajua. Wamalwa akasema Mama, mtoto yuko gredi ya tatu, jina liko shuleni, liko kliniki, litabadilishwaje? Nikasema hata Abramu alibadilishwa, na alikuwa na meno machache kuliko Jayden. Emmy akaanza ati mchungaji alisema. Nikamwambia mchungaji wake mwenyewe anaitwa Petro, jina la mtu aliyekufa, asome Biblia yake aone Petro wa kwanza yuko wapi sasa. Wamalwa akatoka nje kuangalia gari. Gari halikuwa na shida.

Baadaye nikamwita Jayden pembeni. Nikamuuliza, nikikuita Wekoye utaitika? Akauliza utanipa nini. Nikampa biskuti. Nikarudi nyuma hatua kidogo, nikaita, Wekoye.

Akaitika. Naam kukhu.

Nilisimama hapo karibu na tangi la maji. Tangu tumzike sijasikia mtu akiitika hilo jina. Nikamwita tena. Akasema, kukhu, biskuti imeisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Niko nyumbani. Nabwile amekuja kufanya mazoezi, ati huko hosteli kuna kelele. Amekaa mezani tangu chai ya asubuhi. Nderitu wa Kabura amevuka ua kuja kusoma naye. Akaniambia, shosh, sasa? Nikamwambia mimi si shosh yake, bibi yake yuko ng'ambo hiyo na viazi. Akacheka. Hana hasira huyu kijana. Akanibebea magunia mawili mpaka ghalani bila kuombwa, ndiyo nikamsamehe nusu.

Nikamuuliza mbona hakumtetea Nabwile siku ile. Akasema alimtetea. Alimwambia mwalimu ni Nabwile aliandika zote, yeye alimwona kwa macho. Mwalimu akamwambia kila mtu humtetea rafiki yake, kifaa hakina rafiki.

Wanaandika, wanafuta, wanaandika. Nabwile anamfundisha Nderitu, si Nderitu anamfundisha Nabwile. Hiyo nimeona mwenyewe. Amecheka mara moja. Sijamsikia akicheka tangu aje na hiyo ziro.

Jumapili, 16 Novemba

Sijaenda kanisa. Sikuwa na miguu.

Asubuhi nimempelekea chai mezani, nikamwambia aifungue nimsalimu mzee. Akasita. Akafungua. Ikasema: Karibu, Nabwile.

Nikasimama na kikombe. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema kukhu, mwalimu alisema kila mtu na jina lake, nimebadilisha jana. Akasema usikasirike, ni jina tu.

Jina tu.

Amemtoa Jumamosi, mimi niko jikoni namchemshia mahindi. Hakuna aliyeniita. Hata siku ya kumzika walinipa nafasi niseme neno.

Nikafikiri mchana wote nikigeuza mahindi. Mimi si mjinga, najua mtihani ni mtihani. Lakini hebu mtu anijibu. Kazi ile nzuri ilifanyika nani akiwa ndani? Mwalimu mwenyewe alisema ndiyo bora katika darasa. Ni mzee alikuwa ndani. Sasa siku ya mtihani wenyewe ndiyo unamtoa? Nani anamfungua dume kwenye plau katikati ya mtaro? Mtoto akifika mbele ya yule Kimeli peke yake, bila mtu nyuma yake, si atatetemeka tu?

Saa ya jioni stima ikapotea. Kabura akasimama mlangoni kwake, akaita, Nderitu, leta na Nabwile, mje mle. Nderitu akaitika. Hapo roho ikakata shauri. Nikamwambia Nabwile aende akale, mashine nitaipeleka kwa Khisa ichajiwe, ana sola. Akafurahi. Akasema asante kukhu. Akanishika bega akipita.

Khisa ana kibanda pale njia panda, anatengeneza simu. Alisomea kompyuta mjini Kitale, cheti amekipiga misumari ukutani, kimeanza kula moshi. Nikamwambia neno la kufungulia ni Chairman, arudishe jina la mzee. Akaangalia. Akasema shosh, jina liko mahali pawili. Moja ni lile la kukukaribisha. Lingine liko ndani, kazi yote inasainiwa nalo. Unataka lipi?

Nikaona Mungu amenifungulia njia. Nikamwambia lile la mlangoni liache. Mlangoni akae msichana. Ndani akae mwenye nyumba.

Khisa akajikuna. Akasema, lakini si hiyo ya ndani ndiyo mwalimu huangalia? Nikamwambia mwalimu anajua habari yote, nilimpelekea mwenyewe na cheti. Hata mzee anamjua kwa sura, ako na koti. Khisa akasema sawa, ni mashine yenu. Akaandika.

Nabwile ameondoka leo alfajiri, hapa mwisho naandika Jumatatu. Aliifungua mezani kabla ya kutoka. Karibu, Nabwile. Akatabasamu, akaiweka kwa begi. Nikamwambia babu yako yuko na wewe. Akasema najua, kukhu.

Ijumaa, 21 Novemba

Ni leo. Nimeomba. Nimefagia mpaka kaburini, nikang'oa nyasi zote pembeni.

Mchana simu ikalia. Nabwile. Anapiga kelele mpaka siwezi kusikia vizuri. Amemaliza wa kwanza. Maswali yote. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ati kukhu, nilikuwa kama mtu anasukumwa. Nikamwambia najua. Akauliza unajuaje. Nikasema mimi ni bibi yako.

Nimemkamata jogoo mwekundu nikamfunga mguu, wa Jumapili. Nikaenda kwa ua nikamwambia Kabura, bila kuulizwa, Nabwile amemaliza kabla ya wote, hata kabla ya mume wako. Kabura akashukuru Mungu, akapiga makofi, kweli kweli. Huyo mwanamke huwezi hata kumkosea vizuri.

Nimemaliza siku kaburini. Nikamwambia mzee asante. Nikamwambia na hakuna aliyekuona.

Jumatatu, 24 Novemba

Nabwile hakuja Jumapili. Simu imezimwa. Jogoo bado amefungwa.

Leo Nderitu amekuja, na Kabura nyuma yake ameshika ua kwa mikono miwili. Nilijua. Mtu hashiki ua hivyo kwa habari nzuri. Nderitu hakusema niaje. Akasema, shosh, matokeo yametoka. Nabwile hana kitu. Kifaa hakijaona jina lake hata mara moja.

Nikauliza, na Wekoye?

Akaangalia chini. Akasema Wekoye amepata tisini na moja. Ndiye amekuwa wa kwanza.

Mungu anisikie nikiandika hivi. Nilifurahi. Ilikuja kabla ya mengine yote. Tisini na moja, mzee, na wewe uliweka alama ya kidole kwa karatasi ya shamba. Halafu nikaona uso wa Nderitu nikakumbuka mtoto.

Akaendelea. Nabwile alisimama mbele ya mwalimu akasema hajui jina limerudije. Mwalimu akasema alimpa nafasi moja, na alimwonya, na sasa anaona Nabwile anamchezea. Anarudia mwaka. Wenzake wote wanaenda mbele, yeye anabaki na watoto wa nyuma. Darasa halikucheka safari hii, Nderitu anasema. Heri wangecheka.

Kabura akasema Mama Wamalwa, tusilie bado. Rufaa inapokelewa mpaka kesho. Twende sote watatu, asubuhi. Nderitu alikaa kiti cha pili, aliona vidole vya Nabwile vikiandika, ataapa. Na huyo aliyebadilisha jina ajitokeze aseme, maana mashine haikubadilika yenyewe. Akaniangalia. Kabura ana macho madogo lakini hayalali.

Nikamwambia siwezi kuongozwa kwenda kwa mwalimu na mtu aliyeacha kaburi la mzee kabla udongo haujajaa.

Kabura akasema, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile ya mazishi alitoka kwa sababu ng'ombe wangu walikuwa hawajakamuliwa, na watoto wa msiba walitaka maziwa kwa chai. Alienda akakamua. Ati alifikiri najua.

Sikujua. Lakini nilikuwa nimeshasema. Mtu hawezi kumeza neno ameshalitema, mbele ya kijana. Nikawaambia nina mahindi ya kuanika. Nikaingia nyumbani. Jua halikuwako.

Jumatano, 26 Novemba

Rufaa imefungwa jana.

Nabwile amekuja leo kuchukua nguo zake. Amekonda kwa siku hizo chache. Nikamwambia jogoo yuko, maji yanachemka. Akasema ameshakula. Nikamwambia yule Kimeli ni mtu mbaya, kifaa ni kibaya, na Khisa ni mtu wa mdomo. Jina la Khisa likanitoka hivyo tu, sijui limetoka wapi.

Akaacha kukunja nguo. Akaniuliza jambo moja, pole pole, kama anaongea na mgonjwa. Kukhu, nani alifungua mashine yangu?

Nikasema ni ya babu yako. Mwenye nyumba hahitaji kubisha hodi.

Hakulia. Ningependa angelia, hiyo naijua dawa yake. Akafungua begi, akatoa mashine, akaiweka mezani, mahali mzee alikuwa anaweka kofia. Akainyoosha iwe sawa na ukingo wa meza. Akasema basi, Kuka abaki nayo, ndivyo anavyomwita babu yake. Yeye ataenda Kanduyi kwa mjomba, amsaidie Emmy dukani mpaka muhula wa kurudia ufike. Akifika atatumia kompyuta za chuo. Hizo hazina jina la mtu.

Nikamwambia asiende na giza. Akasema kukhu, bado ni saa nane.

Nilimtazama mpaka akapita kwa Kabura. Kabura alikuwa mlangoni. Alimpa kitu kimefungwa kwa karatasi, mkate labda, akamshika kichwa. Nikaangalia pembeni.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Mahindi mengine yameota kwenye turubai. Jogoo nimemfungulia, ameenda kwa Kabura, hataki kurudi.

Mashine iko mezani, nimeifunika kitambaa cha msalaba. Khisa alikuja akamrudisha mzee na mlangoni pia. Karibu, Wekoye. Naifungua asubuhi, naisalimu, naifunga. Hana kazi ya kufanya sasa.

Nimefikiri sana juu ya haya mambo. Nimeona makosa yalikuwa wapi. Tulimweka mzee mahali ambapo watu wa chuo wanapitapita. Jina la mtu haliwekwi njiani. Linawekwa karibu, mahali ambapo hakuna mwalimu wa kulihesabu. Hilo nililikosa, na hakuna aliyenishauri.

Na kulikuwa na jambo lingine linanisumbua. Jentrix. Yeye naye hakuna aliyelichukua jina lake. Mzee ana mashine, mtoto wangu hana hata kijiko.

Nikachukua simu yangu nikaenda kwa Khisa. Alipoona ni mimi akasema, shosh, tena? Nikamwambia hii ni simu yangu mwenyewe, haifanyi mtihani. Nikamwonyesha nambari ya Nabwile. Nikamwambia hapa palipoandikwa Nabwile, andika Jentrix. Akikataa nitatoa kile cheti chake ukutani nikitumie kufutia masizi mbele ya wateja. Akasema, lakini mtoto akijua je? Akipiga, wewe utachanganyikiwa. Nikamuuliza tangu lini mama anachanganyikiwa na mtoto wake.

Akaandika. Akanipa. Nimeenda nayo nyumbani ndani ya leso.

Nabwile hajapiga tangu aondoke Jumatano. Lakini Jumapili watu hupiga. Akipiga, hapa juu itaandika Jentrix anapiga, na mimi nitaitika.

Nimeiweka dirishani, ndipo netiwaki inafika. Kabura ameita Nderitu aje ale. Nderitu ameitika.

Naingoja. Chai imepoa. Nimewasha simu tena kuona kama jina liko. Liko.